Mafuriko Hufukia Kisima: Mbinu Saba za Kutunza Maisha ya Rohoni

Wakati wa kiangazi, Tarach haufanani na mto. Ni njia pana ya mchanga inayopita kando ya Kakuma, na mgeni aliyetoka bara anaweza kuivuka bila kujua kwamba anakanyaga juu ya maji. Mama wa Kiturkana anajua. Anapiga magoti palepale alipochimba jana, anaondoa mchanga ulioporomoka usiku, anachimba mpaka mkono unazama hadi begani, kisha anangoja. Maji yanachuruzika polepole. Anayateka kikombe kwa kikombe mpaka jerikeni inajaa.

Siku moja mvua inanyesha mbali, na laga, yaani mto huo wa msimu, inateremka kwa kishindo. Watu wanakimbilia ukingoni kutazama. Maji ni mengi, yanabeba magogo, yanabeba mbuzi waliokawia kuvuka. Siku chache baadaye yamekwisha, na visima vyote vya mchangani havionekani tena. Ukame wa miezi mingi haukuvifukia. Vimefukiwa na wingi wa maji.

Nimeona jambo hilohilo likiwapata Wakristo, nami likanipata. Katika utumishi wangu Lodwar nilikuwa na daftari la hesabu: waliobatizwa, waliohudhuria semina, mabati ya kanisa jipya, kilomita za pikipiki. Kila mwezi namba zilipanda. Kisha usiku mmoja niliitwa kwa mama aliyefiwa na mtoto. Nilipofumba macho ili niombe naye, sikupata neno lolote la kwangu. Nilisema maneno niliyozoea kusema jukwaani, na mimi mwenyewe niliyasikia yakidondoka kama kopo tupu. Namba zilikuwa za kweli, lakini kisima kilikuwa kimefukiwa.

Makala haya ni kwa ajili ya katekista, mchungaji, kiongozi wa kwaya, mama wa jumuiya, kijana wa kikundi cha maombi, na mfanyakazi wa shirika anayempenda Mungu. Ninataka kusema jambo moja: kisima cha moyo huchimbwa upya kila siku, na wakati wa kukichimba kwa bidii zaidi ni pale kazi inapostawi.

Kwa nini hapa hatari ni kubwa

Lodwar na Kakuma ni miji ya kuhesabu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Tangu hapo, maisha ya watu yamekuwa yakipita katika orodha: waliosajiliwa, waliopata chakula, waliopata dawa, waliohojiwa. Hesabu hizo zinahitajika, kwa maana chakula kisipohesabiwa kuna atakayelala njaa. Taabu huanza pale tabia ya ofisini inapopanda madhabahuni. Ibada inapigwa picha kabla haijaanza. Ushuhuda unapimwa kwa idadi ya walioinua mikono. Mtumishi anajiona ana thamani siku ripoti inapokubaliwa na mfadhili, na siku inapokataliwa anajiona si kitu.

Yesu alilisema mapema. Katika Luka 10, wanafunzi sabini wanarudi kwa furaha kwa sababu pepo wamewatii. Hawakemei, lakini anaihamisha furaha yao: wafurahi kwa sababu wanajulikana mbinguni, hata siku ambayo hakuna pepo anayetii. Na katika Mathayo 7 anaonya kwamba wapo watakaokuja na orodha ndefu ya kazi zilizofanywa kwa jina lake, naye awaambie kwamba hakuwahi kuwajua. Orodha inaweza kuwa sahihi mstari kwa mstari, na bado uhusiano usiwepo.

Mbinu ya 1: Pima kina kabla ya kuchimba

Kaa peke yako kwa nusu saa, na ujibu maswali haya kwa kuandika:

- Mara ya mwisho niliomba bila kuwapo mtu wa kunisikia ilikuwa lini, na niliomba kwa muda gani?
- Mwenzangu anaposifiwa kwa kazi kama yangu, moyo wangu unafanya nini?
- Nikivuliwa cheo wiki hii, ni sehemu gani ya imani yangu itabaki?
- Watu wa nyumbani kwangu wanamwona mtu yuleyule anayeonekana kanisani?

Usijibu kama unayejaza fomu ya mafunzo. Jibu kama mgonjwa mbele ya daktari. Ukiona aibu, usiogope, kwa maana mchimbaji hujua maji yako karibu anapouona mchanga umebadilika rangi. Karatasi hiyo itunze, na uisome tena baada ya miezi mitatu.

Mbinu ya 2: Chimba alfajiri, mahali palepale

Marko 1:35 inasimulia kwamba Yesu aliamka alfajiri na mapema, giza likiwa bado, akaenda mahali pasipo watu akaomba. Tazama ilikuwa baada ya siku gani: jioni iliyotangulia, mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni na wagonjwa wengi waliponywa. Ilikuwa siku ya mafuriko. Asubuhi yake wanafunzi wakamfuata na habari kwamba watu wote wanamtafuta. Yeye akaelekea kwingine, kwa kuwa alikwisha kuzungumza na Baba kabla hajasikia umati unataka nini.

Turkana alfajiri ni zawadi, kwa sababu saa nne jua linakuwa limekwisha kutwaa siku. Fanya hivi:

Chagua mahali pamoja na usipahamehame. Nyumba ya chumba kimoja yenye watu wanane, kama zilivyo nyingi kambini, haina faragha, lakini ina kona. Mkeka mmoja uliotengwa kwa maombi unatosha. Ukipenda kwenda chini ya mti au ukingoni mwa laga, ngoja kupambazuke na uende na mwenzako, hasa ukiwa mwanamke. Mungu hakudai uhatarishe usalama wako ili umwone.

Anza na dakika kumi na tano. Simu ibaki mbali na mkono. Soma mistari michache ya Injili kwa sauti ya chini, mara mbili. Simama kwenye neno moja lililokugusa. Nyamaza. Kisha sema na Mungu kuhusu neno hilo, katika lugha unayolilia. Kama unahubiri kwa Kiswahili lakini ulibembelezwa kwa Kiturkana, mwite Mungu kwa jina la Akuj hapo kwenye mkeka. Kama ni Kijieng, Kirundi au Kinuer, iwe hiyo. Lugha ya jukwaani imezoea kutafuta makofi, na ile ya mama bado haijajifunza kujionyesha.

Siku nyingine utachimba na hutaona maji. Ngoja muda uliouweka, kisha uondoke kwa amani na urudi kesho. Mama wa Tarach hahami laga kwa sababu maji yamekawia asubuhi moja.

Mbinu ya 3: Vuka adhuhuri kwa kazi ya mikono

Wakristo wa kwanza walioishi jangwani Misri waliijua saa ambayo kila mkazi wa Lodwar anaijua. Evagrius, mtawa aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri, akamhesabu kuwa mzito kuliko wote. Pepo huyo hulifanya jua lionekane limesimama. Humfanya mtu achungulie nje kutafuta mgeni, aichukie kazi yake, alichukie hata pahali anapoishi, na aamini kwamba angempendeza Mungu vizuri zaidi kama angekuwa mji mwingine. Nani kati yetu hajawahi kuwaza hivyo saa nane mchana, akitamani uhamisho wa kwenda Kitale au Eldoret?

Dawa yao ilikuwa nyepesi. Masimulizi ya watawa hao yanaeleza kwamba Antoni wa Misri, alipolemewa na uchovu wa namna hiyo, alionyeshwa mtu anayekaa akisokota kamba, kisha anasimama kuomba, kisha anarudi kwenye kamba yake. Akaambiwa aishi hivyo. Watawa wakafuma mikeka na vikapu kwa makuti, sala fupi ikipita mdomoni pamoja na kila ukuti.

Kina mama wa Turkana nao hufuma vikapu kwa makuti ya mkoma, wakiwa wameketi kivulini. Jifunze kwao. Joto likikufukuza ofisini au shambani, usiukabidhi muda huo wote kwa simu. Shika kazi isiyohitaji kichwa: kufuma, kushona, kuchambua maharagwe, kukaza kiti kilicholegea, kufagia uwanja wa kanisa zamu ya mwenzako. Chagua sentensi moja fupi ya kuomba rehema au kushukuru, na uirudie kwa mwendo wa mikono. Kwa namna hiyo, mwili uliochoka unausaidia moyo.

Mbinu ya 4: Funga siku kwa hesabu ya moyo

Ignatius wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wafuasi wake kuichunguza siku nzima mbele za Mungu. Wafuasi hao, yaani Wajesuiti, ndio walioanzisha mwaka 1980, chini ya Pedro Arrupe, shirika la kuwahudumia wakimbizi ambalo limefanya kazi Kakuma tangu miaka ya 1990. Mbinu yao haihitaji kitabu wala umeme. Inahitaji dakika kumi baada ya chakula cha jioni:

Kwanza, omba mwanga wa kuiona siku kama Mungu anavyoiona. Pili, ipitie saa kwa saa na utaje mambo matatu ya kushukuru. Yawe madogo na ya kweli: upepo uliopoza saa kumi, jirani aliyegawa chumvi, mtoto aliyecheka. Tatu, tafuta pale moyo ulipochangamka kwa upendo, na pale ulipokauka au kuwaka. Nne, omba msamaha kwa jambo moja mahususi. Usiseme umetenda dhambi nyingi. Sema ulimjibu nani vibaya, saa ngapi, kwa sababu gani. Tano, itaje kesho: mtu mmoja utakayekutana naye na namna unavyotaka kumtendea.

Mimi lile daftari langu sikulitupa. Upande mmoja niliacha namba, maana ripoti bado zinadaiwa. Upande wa pili nikaanza kuandika mstari mmoja kila usiku. Baada ya mwezi niliona kitu ambacho namba hazikuwahi kunionyesha: siku nilizojivunia sana ndizo nilizowakaripia zaidi watu wa nyumbani.

Mbinu ya 5: Zungushia kisima miiba

Kisima kilichoachwa wazi hukanyagwa na mifugo. Ndiyo maana kingo zake huzungushiwa matawi ya miiba. Moyo nao unahitaji uzio, na jina la uzio huo ni siri njema. Mathayo 6 inataja mambo matatu ya kufanywa pasipo kuonekana: sadaka, sala na kufunga.

Kila wiki tenda jambo moja jema ambalo hakuna atakayelijua. Gawa unga bila picha. Lipa deni dogo la mtu dukani na umwombe mwenye duka asikutaje. Mfulie mgonjwa nguo bila kuisimulia safari hiyo kama ushuhuda wa Jumapili. Ukijikuta unatafuta njia ya kulidokeza jambo hilo katika mazungumzo, umeuona uwazi uliokuwa ukiwapitisha mbuzi. Uzibe, na usijichukie.

Kwa wanaohudumu kambini, weka sheria hii: kabla ya kumpiga picha mtu anayepokea msaada, jiulize kama ungekubali mama yako mzazi apigwe picha hiyo. Sheria hiyo italinda heshima yake, na itailinda pia roho yako.

Mbinu ya 6: Usichimbe peke yako

Kisima kikienda chini sana, mtu mmoja hawezi kuteka. Watu husimama ngazi kwa ngazi, na chombo hupita mkono kwa mkono mpaka juu. Afrika Mashariki inalo somo lake katika jambo hili. Mwaka 1929, Simeon Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, Mwafrika na Mwingereza, wote wawili wakiwa na kiu. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Uamsho uliowaka baadaye Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937 na kuacha ushirika ambao bado uko hai. Nguvu yake ilikuwa katika watu wachache wanaoambizana ukweli, mzungu akimwomba msamaha mweusi, mume akimwomba msamaha mke.

Tafuta mmoja au wawili. Kutaneni mara moja kwa wiki, saa moja, kwa utaratibu huu: kila mmoja aeleze hali ya moyo wake, si ya kazi yake, asomewe mistari michache, aombewe kwa jina. Wekeni masharti mapema. Wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Asiwe mkubwa wako kazini wala mtu anayekutegemea kwa chakula, kwa kuwa hofu huua ukweli. Yanayosemwa yabaki hapo. Sharti hilo lina mpaka mmoja: mtoto au mtu yeyote akiwa anadhulumiwa, siri imekwisha, na habari lazima ifike kwa wenye mamlaka ya kumlinda. Nuru haijawahi kuwa maficho ya mdhalimu.

Mbinu ya 7: Mafuriko yakija, yaache yazame

Mafuriko si adui wa kisima. Bila mvua ile kubwa, mchanga usingekuwa na maji ya kuchimba. Baraka za nje nazo ni hivyo: mkutano uliofana, kanisa lililojengwa, kijana aliyefaulu. Zipokee kwa furaha. Lakini maji ya mafuriko ni tope, na anayeyanywa palepale huumwa tumbo. Yakishazama na kupita mchangani, huchujwa.

Kwa hiyo, baada ya kila kazi kubwa, tenga siku moja kabla ya kutangaza lolote. Siku hiyo usitume picha wala usipange mkutano unaofuata. Lala usingizi wa kutosha. Taja mbele za Mungu majina ya walioifanya kazi na wewe, mpaka uone wazi kwamba haikuwa yako. Andika ripoti kesho yake. Utaiandika kwa unyenyekevu na kwa ukweli zaidi.

Na mafuriko yasipokuja kabisa? Charles de Foucauld aliishi Tamanrasset, katika Sahara ya Algeria, tangu 1905 hadi alipouawa tarehe 1 Desemba 1916. Aliomba, aliwapokea wageni, alijifunza lugha ya Watuareg hata akaiandikia kamusi. Alitamani ndugu wa kuishi naye, na hakuna aliyebaki. Ripoti yake ingekuwa karatasi tupu. Mwaka 1933 jumuiya ya kwanza ya ndugu waliofuata njia yake ikaanza, na tarehe 15 Mei 2022 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu. Yeye hakuyaona hayo. Alichimba tu.

Nayaandika haya nikiwakumbuka ndugu wa Kakuma waliokuwa hatua za mwisho za safari ya Marekani, kisha tarehe 20 Januari 2025 amri ya rais wa nchi hiyo ikasimamisha mapokezi ya wakimbizi. Wengine walikuwa wamefundishwa kwamba ndege ndiyo ushahidi wa imani. Tuwaombe radhi kwa fundisho hilo. Machozi yao ni halali, na haki yao idaiwe kwa sauti. Lakini Mungu aliyekuwa nao kwenye foleni ya maji hakuwa akiwangoja uwanja wa ndege.

Hii si ruhusa ya kukaa

Mtu asichukue mbinu hizi kuwa kisingizio cha kukwepa jasho. Maji ya kisima ni ya mtoto, mgeni na mbuzi, na kisima kisichonywesha mtu ni shimo tu. Mapadre wa Mtakatifu Patrick, maarufu kama Wakiltegan, walifika Turkana mwaka 1961 wakati wa njaa kali, na wakaanza kwa kuwalisha watu. Shule na zahanati zikafuata. Hata Martha wa Luka 10 hakukemewa kwa kupika. Alionywa kwa sababu jikoni palikuwa pamemjaza mashaka hata akamgeukia mgeni wake kwa lawama. Kinachopimwa ni kule kazi inakotoka: kwenye chemchemi, au kwenye njaa ya kuonekana.

Anza Jumatatu

Usizianze zote saba kwa pamoja, usije ukageuza maisha ya rohoni kuwa mradi mwingine wa kujivunia. Wiki ya kwanza, jibu maswali manne na uanze dakika kumi na tano za alfajiri. Wiki ya pili, ongeza hesabu ya jioni. Wiki ya tatu, tenda jema moja la siri. Wiki ya nne, mtafute mwenzako wa kuteka naye. Ukikosa siku moja, usiifidie kwa kuongeza muda kesho yake. Rudi tu mahali pako na uchimbe.

Miezi mingi baada ya usiku ule, niliitwa tena kwenye nyumba ya msiba. Niliketi mkekani na sikuwa na hotuba. Tulinyamaza pamoja kwa muda mrefu, kisha nikasema maneno machache kwa Mungu, yaliyotoka chini, taratibu. Mama wa nyumba alinishika mkono, hakuuachia. Usiku huo, kwenye daftari langu, upande wa namba haukuwa na kitu cha kuandika.

Alfajiri nilirudi kwenye mkeka wangu. Mchanga ulikuwa umeporomoka tena kidogo, kama kawaida yake, nami nikaanza kuuondoa.